KIA, Kisongo na ndege za bei chee: gari la tatu ununue au usubiri?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Moshi, Majengo. Nina Noah mbili zinazopeleka na kuchukua abiria KIA, kiwanja cha ndege cha kimataifa cha Kilimanjaro, na nimeahidiwa mkopo wa gari la tatu. Kuna na rafiki ananishawishi tuchukue kibanda cha kahawa na vitafunwa palepale kiwanjani. Wasiwasi wangu ni huu: Kisongo, kile kiwanja kidogo cha Arusha mjini, inazidi kuboreshwa, na ndege za bei chee tulizozizoea enzi za Fastjet hazipo tena. Wapo wanaosema zikirudi KIA itachangamka, wapo wanaosema KIA inakwisha taratibu. Hela yangu niiweke wapi?

Jibu: Ndugu yangu wa Majengo, gari la tatu linawezekana, ila kwa mkopo mfupi na kwa masharti nitakayoyataja huko chini. Kibanda usikitie saini kwanza. Na KIA haifi. Kiwanja chenye njia ya kurukia ya mita 3,600, kinachofanya kazi saa 24 na kupokea ndege kubwa kutoka Amsterdam, Doha, Istanbul na Addis Ababa, hakizimwi na kampuni moja ya safari za ndani kuja au kuondoka.

Kinachoyumba ni upande wa safari za ndani, na huo ndio unaokulisha wewe. Mtalii anayeshuka usiku na KLM kuja kupanda mlima anamkuta dereva wa kampuni yake mlangoni, kashika kibao chenye jina lake. Huyo si mteja wako na hakuwahi kuwa. Wako ni daktari wa KCMC anayetoka kwenye kikao Dar, mfanyabiashara aliyefuata mzigo Kariakoo, mtu anayekuja kuzika, na familia inayopanda kula Krismasi. Kwa hiyo acha kuuliza kama KIA itakuwepo. Uliza kila siku zitatua ndege ngapi kutoka Dar, saa ngapi, na zina viti vingapi.

Tuanze na Fastjet, maana wengi wanaikumbuka kwa nauli tu. Iliruka mara ya kwanza Novemba 29, 2012, kwa njia mbili: Dar–KIA na Dar–Mwanza. Nauli ya kuanzia iliyotangazwa ilikuwa Sh 32,000 kabla ya tozo, na ndege zilikuwa Airbus A319 za viti 156. Ndege ya namna hiyo ili ijilipe kwa nauli ndogo inatakiwa ijae, isikae chini, na isirudi tupu.

Hilo la kurudi tupu unalijua kuliko mimi, maana Noah inayokwenda KIA bila mtu ili ikamchukue mmoja imekula mafuta ya safari mbili kwa nauli ya moja. Sasa fikiria tarehe 20 hadi 24 Desemba. Kutoka Dar kuja huku hata kiti cha mkia hakipatikani. Kutoka huku kwenda Dar wiki hiyohiyo, nani anasafiri? Tuseme ndege imekuja na watu 156 na kurudi na 40. Hao ni 196 kwenye viti 312, asilimia 63. Abiria aliyebanwa katikati anaamini kampuni inachuma, kumbe kwa mzunguko mzima theluthi moja na zaidi ya viti imeruka mitupu. Mapema Januari inageuka: kushuka Dar kumejaa, kupanda hakuna mtu. Njia ya Dar–Mwanza ina biashara inayokwenda na kurudi kwa uwiano mzuri zaidi. Njia yetu inabebwa na misimu, na msimu huwa na upande.

Kukaa chini ni ugonjwa wa pili. Ndege ya kukodi inalipiwa kila mwezi, iruke isiruke. Kampuni za bei nafuu za Ulaya huirusha ndege moja saa 10 hadi 12 kwa siku, alfajiri mpaka karibu usiku wa manane, na ikitua haikai zaidi ya dakika 25 au 30 kabla ya kuondoka tena. Kwetu viwanja vingi vya mikoani havikuwa na taa za njia ya kurukia. Jua likizama kazi imekwisha, na ndege ya mamilioni ya dola inalala mpaka asubuhi. KIA ilikuwa na taa, Dar nayo pia, lakini huwezi kujaza usiku kucha kwa njia moja.

Kujaza nako kuna hesabu yake. ATR 72, ndege ya pangaboi, hubeba watu 70 na hula kama kilo 700 za mafuta kwa saa, yaani kilo 10 kwa kiti. A319 hula zaidi ya kilo 2,300 kwa saa, karibu kilo 15 kwa kiti. Jeti inafika mapema zaidi, ni kweli, lakini safari yenyewe ni ya saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo inapanda au inashuka. Ubora wa jeti huonekana kwenye saa mbili, tatu. Kwenye Dar–KIA ATR iliyojaa inaipa jeti iliyojaa nusu wakati mgumu sana.

Juu ya yote hayo kulikuwa na dola. Kukodi ndege, vipuri, bima na mafuta ni dola. Tiketi ni shilingi. Fastjet inaanza, dola ilikuwa kama Sh 1,600. Inasimama mwaka 2018, ilikuwa karibu Sh 2,300. Ungeweza kuuza viti vilevile kwa nauli ileile na bado ukazama. Mwaka 2016 walibadili wakaleta Embraer E190, ndogo kidogo, na mwaka huohuo ATCL, shirika la ndege la taifa, ikaanza kufufuliwa kwa Q400 mbili za viti 76. Airbus A220 ya kwanza ya viti 132 ilipotua nchini Desemba 2018, Fastjet ilikuwa imeelemewa na madeni na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, imeshaingilia kati. Mtaani watu hupenda kusema iliuawa na siasa. Siasa haikosekani kwenye anga la nchi yoyote, lakini vitabu vya hesabu vilitosha kuimaliza.

Je, mwingine anaweza kuja? Anaweza, ila hatakuja kwa kushtukiza. Safari za ndani ni za kampuni zenye leseni ya Tanzania, kwa hiyo kampuni ya Kenya au ya Ulaya haiwezi tu kuleta ndege na kuanza kubeba watu wa Dar–KIA. Fastjet yenyewe iliingilia kwenye leseni ya Fly540 Tanzania. Mgeni ataomba leseni TCAA, kisha apate cheti cha uendeshaji, na shughuli hiyo huchukua miezi. Ukisikia ametangaza ndege kesho kutwa na jina lake hujawahi kulisikia kwenye maombi ya leseni, hiyo ni hadithi.

Na akija leo atakuta soko gumu kuliko la 2012. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku. Mtu anapanda Dar saa mbili usiku, analala kitini, anaamkia Moshi, na ameokoa siku nzima ya kazi pamoja na kitanda cha gesti. Huyo ndiye hasa abiria ambaye ndege ya bei chee ilikuwa ikimlenga. Kisha kuna tozo zisizojali nauli. Ada ya huduma za abiria kwa safari ya ndani ni Sh 10,000. Kwenye tiketi ya Sh 250,000 ni asilimia 4, hata huioni. Kwenye nauli ya Sh 32,000 ni asilimia 31, na hapo hujaweka tozo nyingine. Kwa hiyo kadiri nauli inavyoshuka, ndivyo kiwanja na serikali vinavyokuwa sehemu kubwa ya bei.

Hapa ndipo viwanja vya wenzetu vinapofundisha, nami nitachukua viwili tu. Rygge, kusini mwa Oslo, Norway, kiliishi kwa Ryanair. Juni 2016 serikali ikaweka kodi ya kroni 80 kwa kila abiria. Ryanair ikafunga kituo chake, na Novemba 1, 2016 kiwanja kikafungwa kwa safari za abiria. Miezi mitano tu! Cha pili ni Hahn, Ujerumani, kambi ya zamani ya jeshi la Marekani iliyoitwa „Frankfurt” ingawa iko umbali wa kilomita 120 hivi kutoka mjini Frankfurt. Ryanair iliingia 1999, na mwaka 2007 kiwanja kilipita abiria milioni nne hivi. Kisha kampuni ileile ikaanza kuruka pia kutoka kiwanja kikuu cha Frankfurt, karibu na watu wenyewe. Hahn ikashuka mwaka hadi mwaka, na Oktoba 2021 ikaomba kinga ya ufilisi.

KIA haifanani na Rygge, kwa sababu hakuna kampuni moja inayoishika shingo. Ikiondoka moja ya kimataifa, zilizobaki zinachukua sehemu ya abiria wake. Kufanana kidogo na Hahn kupo, nako kuko kwenye umbali. Mtu wa Njiro au Sakina anayekwenda Dar ana Kisongo mlangoni, upande wa barabara ya Dodoma. KIA kwake ni kilomita 50 hivi, kupitia Tengeru, Usa River na Kikatiti, pamoja na malori yake. Teksi inaweza kumla nusu ya kile alichookoa kwenye tiketi. Ndiyo maana nauli ndogo ya KIA haimvuti mtu wa Arusha mjini kama watu wanavyodhani.

Lakini Kisongo nayo ina dari yake. Iko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari, na hata baada ya kurefushwa njia yake ya kurukia haifiki mita 2,000. Siku ya joto la nyuzi 27, hewa pale huwa nyembamba kana kwamba kiwanja kiko mita 2,100 na ushei. Injini inapumua kidogo, bawa linabeba kidogo, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kunyanyuka. Rubani wa ATR mchana wa Februari anaweza kulazimika kuacha mizigo, au kubeba mafuta ya kufika tu, ili wote wapande. Kwa hiyo Kisongo itabaki kuwa ya ATR, Q400 na Caravan za viti 12 zinazokwenda Seronera, huko Serengeti. Jeti iliyojaa si yake. Wanaoogopa kwamba KLM itahamia Kisongo wapumzike.

Hatari ya Kisongo kwako ni nyingine, nayo haisemwi sana. Kampuni yenye ndege chache haina ndege za kanda ya kaskazini za kumwaga. Ikiamua kwamba safari ya asubuhi itue Kisongo, hiyo imetoka KIA. Abiria wa Moshi hawajapungua hata mmoja, ila sasa wana safari mbili badala ya tatu, na pengine iliyoondolewa ni ile ya saa kumi na mbili asubuhi iliyomwezesha mtu kwenda Dar na kurudi siku hiyohiyo. Akishaipoteza hiyo, anaanza kufikiria basi la usiku. Kiwanja cha mikoani hupoteza idadi ya safari kwanza, watu baadaye. Ukiona takwimu za abiria zimeanza kushuka, ratiba ilishakuambia mwaka mmoja kabla.

Basi jifunze kuisoma ratiba. Hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Chukua wiki moja ya Julai, moja ya Novemba na moja ya Mei, uandike kwenye daftari kila ndege kutoka Dar au Zanzibar: saa, aina, viti. Zidisha viti kwa 0.6. Hao ndio abiria wa kukadiria, na Mei weka 0.5. Toa wanaochukuliwa na ndugu na wanaochukuliwa na ofisi. Kwa madereva wengi wa Moshi atabaki mmoja kati ya wanane au kumi anayehitaji gari la kulipia. Hiyo ya mwisho usinichukulie mimi. Simama pale nje siku tatu, uhesabu mwenyewe.

Wakati unahesabu, angalia na dalili. Kampuni inayouza tiketi za miezi sita mbele ina mpango. Inayouza wiki tano tu inasubiri kuona kama itakuwepo. Ndege kulala KIA ni habari njema, maana ina maana wahudumu na marubani wamepangiwa huku na safari ya alfajiri ni ya uhakika. Kubadili ndege kubwa kwa ndogo si balaa, wakati mwingine ni akili. Balaa ni kuunganisha safari: ya saa nne imefutwa „kwa sababu za kiufundi” na abiria wake wote wamepakiwa kwenye ya saa tisa. Ikitokea mara moja kwa mwezi, ni ndege kweli imeharibika. Ikitokea kila wiki, na kila mara safari zote mbili zilikuwa nusu tupu, kampuni inakata bila kutangaza. Kwako hiyo ni gari moja kusubiri saa tano na jingine kukosa kazi.

Sasa gari. KIA–Moshi ni kilomita 40 na kitu, kwenda na kurudi karibu 85. Noah au Alphard ya petroli inayokwenda kilomita 9 kwa lita itakula lita 9 na nusu. Ukiwa na mteja wa kupeleka na wa kurudisha, gari la tatu linalipa hata kwa nauli ya kawaida. Ukiwa na wa upande mmoja, unafanya kazi ya benki. Panga gari hilo lifuate ndege zinazotua na kuondoka ndani ya saa moja na nusu, maana wanaoondoka unawaleta na wanaoshuka unawachukua. Usiku wa ndege za kimataifa usiudharau pia: watalii wana magari yao, lakini wafanyakazi wa mashirika, wanafunzi wanaorudi likizo na ndugu zetu wa ughaibuni hawana, na hawapendi kupatana bei saa nane usiku. Wape bei moja kwa WhatsApp kabla hawajapanda ndege kule waliko. Mkopo uishe ndani ya miezi 24. Usichukue wa miaka mitano ukitegemea kampuni ya ndege ambayo haijaja. Ikija, raha ya nauli ndogo hukaa miaka miwili au mitatu, kisha ama inapandisha bei ama inafunga.

Kibanda ni suala la upande wa kaunta. Anayeshuka hanunui kahawa, anatafuta begi na gari. Anayenunua ni anayeondoka, tena aliyeshapita ukaguzi na kukaa chini. Kibanda kilicho nje ya ukaguzi kinaishi kwa madereva na wasindikizaji, na hao wananunua chai na chapati, si kapuchino. Muulize rafiki yako kipo upande gani kabla ya jambo jingine lolote. Kikiwa ndani, wafanyakazi wako wote watahitaji vibali vya usalama, na akiacha kazi mmoja utakaa na kaunta isiyo na mtu mpaka mwingine apate chake.

Kwenye mkataba nenda na mambo manne, na ukikataliwa mawili ondoka. Kodi iwe kwa shilingi, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni, usikubali „tutakadiria kwa dola”. Sehemu ya kodi iende na mauzo, na kima cha chini kiwe kidogo kiasi kwamba Aprili na Mei utakilipa bila kukopa. Kiwepo kifungu kwamba safari za ndani zikipungua chini ya idadi mliyoiandika, kima cha chini kinapungua kwa kiwango hichohicho. Na uwe na haki ya kutoka kwa taarifa ya siku 90 bila kulipa miaka iliyobaki. Wapangaji wengi wa viwanjani hufilisiwa na hiki cha mwisho: biashara imekufa mwaka wa kwanza, mkataba una miaka mitano.

Utasikia pia habari za AFCON 2027 na uwanja mpya wa mpira Arusha. Watu watakuja, ndege za ziada zitawekwa, na bei ya magari ya kukodi itapanda kwa wiki chache. Kwa wiki hizo kodi gari la mtu, ulirudishe mashindano yakiisha. La mkopo lisainiwe ukishaona ratiba inayoanza mwisho wa Oktoba, na ndani yake iwepo angalau safari moja ya KIA–Dar inayoondoka kabla ya saa moja asubuhi.